Barua ya Marehemu Mwalimu Silvesta

Barua ilionekana siku ya Jumanne, tarehe saba Januari, saa mbili na dakika kumi asubuhi, ndani ya faili namba hamsini na moja, katika ofisi ya Mfuko wa Elimu wa Chiwambo mjini Masasi. Aliyeiona ni Mama Faruku. Alikuwa amerudi jioni ya jana yake kutoka Kitangari, alikokwenda kupanda mihogo na mbaazi, na kucha zake zilikuwa bado na udongo mwekundu wa kule juu.

Jina lake ni Rukaiya, lakini tangu azae mtoto wake wa kwanza hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa karani wa posta kwa miaka ishirini na miwili. Kazi ile ilipokwisha, Mzee Cuthbert Chiwambo alimwomba amtunzie barua za Mfuko. Mfuko wenyewe ulikuwa wa mzee huyo peke yake, mtu aliyeanza na lori moja bovu na kuishia na malori tisa. Kila mwaka alichukua watoto sita, mmoja kutoka kila shule ya msingi kati ya shule sita za Newala, yule aliyeongoza mtihani wa Mfuko wenyewe, akawasomesha bweni kuanzia kidato cha kwanza hadi cha sita. Ada ya shule za serikali ilikuwa imeondolewa, lakini godoro, sare, nauli na mahali pa kulala havikuondolewa, na hivyo ndivyo vilivyokuwa vikiwarudisha watoto nyumbani, hasa wasichana.

Faili namba hamsini na moja lilikuwa la Mwanasha Hamudi wa Makote, umri miaka kumi na mitatu, yatima anayelelewa na bibi yake. Alitakiwa kuripoti shuleni Jumatatu, tarehe kumi na tatu.

Mama Faruku alilipanga faili hilo tarehe ishirini Desemba, siku moja kabla ya kwenda likizo. Lilikuwa na karatasi tano. Sasa zilikuwa sita. Aliitoa ile ya sita, akaisoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti akaisoma tena.

"Makote, 14 Oktoba. Mzee Chiwambo, shikamoo. Nakuandikia kwa aibu. Barua yangu ya tarehe 2 Oktoba kuhusu mwanafunzi Mwanasha Hamudi naifuta. Siku moja kabla ya mtihani wako nilifungua bahasha ya maswali nikamfundisha majibu. Shakila ni yatima, huruma ikanizidi. Alama zake tisini na moja si zake. Naona sina raha nikilala. Shakila hastahili nafasi hiyo, apewe anayemfuatia. Nisamehe. Mwalimu S. Nandonde."

Chini ya jina palikuwa na muhuri wa shule, wa wino wa zambarau.

Mwalimu Silvesta Nandonde, mwalimu mkuu wa Makote, alifariki tarehe ishirini na mbili Novemba. Mama Faruku alikwenda kumzika.

"Trevor," aliita. "Hii umeiweka wewe?"

Trevor, karani kijana kutoka Iringa aliyekuwa na ufunguo wa pili wa ofisi, alikuja akiwa ameshika kikombe cha chai. Alisoma, akaacha kunywa.

"Hapana, mama. Ndiyo kwanza naiona. Na huyu Shakila ni nani tena? Si faili la Mwanasha hili?"

"Ni huyohuyo. Watoto wa huku wengi wana majina mawili, la shule na la nyumbani." Aligeuza karatasi nyuma. "Bahasha yake iko wapi?"

"Bahasha gani?"

"Kila barua inayoingia humu ndani naibania na bahasha yake. Hii haina."

Trevor alitikisa kichwa.

Saa tatu kamili walikuwa mbele ya Mzee Cuthbert, kwenye chumba chake cha nyuma. Mzee alikuwa na umri wa miaka sabini na minane, na alisoma kwa lenzi ya mkononi, mstari kwa mstari. Alipomaliza aliiweka lenzi juu ya barua kana kwamba upepo ungeichukua.

"Silvesta," alisema. "Hata Silvesta."

"Mzee, mimi nina shaka na barua hii," alisema Mama Faruku. "Tarehe ishirini Desemba haikuwamo."

"Uliihesabu?"

"Nilizihesabu. Zilikuwa tano."

"Mama Faruku, wewe na mimi tunazeeka. Karatasi mbili hushikana. Na mwandiko huu naujua, ni wa Silvesta." Aliisogeza lenzi pembeni. "Mimi nilisomeshwa na mama mmoja wa ng'ambo. Sikumwona hata siku moja. Kila muhula nilimwandikia barua, naye alitaka kitu kimoja tu: nisimwandikie uongo. Nami sitaki kingine. Mtu akifungua bahasha yangu ya mtihani, basi kazi yote hii ni mchezo."

"Mtoto aulizwe basi. Apewe mtihani mwingine."

"Maswali mapya aandike nani, asahihishe nani, siku tatu hizi? Mkuu wa shule ya bweni anataka jina Ijumaa saa sita mchana. Kama huna jipya kufikia saa hiyo, naandika jina la anayefuata. Nani anayefuata?"

Trevor alifungua orodha. "Wema. Alama themanini na tisa. Ni mjukuu wa Mwalimu Silvesta mwenyewe."

Mzee aliinua kichwa. "Unaona? Mjukuu wake wa pili kwenye orodha, na mtu yule hakuniambia hata neno moja. Huyo ndiye Silvesta. Ndiyo maana naiamini barua yake."

Alama mbili, aliwaza Mama Faruku. Msichana mmoja yuko Makote anakunja nguo zake kwa ajili ya Jumatatu, na hajui kwamba karatasi moja imemfukuza.

*

Jumatano asubuhi alianza na Trevor, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu.

"Ofisi ulifungua lini baada ya Krismasi?"

"Tarehe thelathini Desemba."

"Wageni?"

Trevor alimsogezea daftari la wageni. Wiki ile nzima ilikuwa na wageni wawili tu. Alhamisi, tarehe mbili Januari, saa nne asubuhi: Mwalimu Yunusi Mtalika, Makote, kuleta cheti cha kuzaliwa cha mwanafunzi. Ijumaa, tarehe tatu, saa tano na robo: Upendo Nandonde, Makote, kushukuru kwa rambirambi.

"Huyu Upendo ni binti wa marehemu," alisema Mama Faruku. "Mama yake Wema."

"Ndiyo. Alilia kidogo. Nilimpa maji."

"Mmoja wao ulimwacha peke yake humu?"

"Hapana, mama."

Alijibu upesi mno. Mama Faruku alimtazama bila kusema neno. Miaka ishirini na miwili dirishani posta ilikuwa imemfundisha kwamba mtu akinyamaziwa huongeza maneno mwenyewe.

"Yaani," alisema Trevor, "huyo mwalimu nilimwacha dakika chache, nilikwenda kutoa kopi ya kile cheti steshenari. Mashine yetu haina wino, na kopi yenyewe bado iko mezani kwangu."

"Na mama Wema?"

Trevor alikuna shingo. "Nilitoka kununua chapati. Nikakuta foleni. Robo saa hivi. Mama, usimwambie Mzee, ataniona mzembe."

"Kabati lilikuwa limefungwa?"

"Mchana huwa silifungi."

"Basi uzembe wako ndio unaokuokoa," alisema Mama Faruku. "Ungekuwa umekaa hapa siku zote mbili, ningebaki na wewe peke yako."

Kijana hakujua acheke au aombe radhi, akafanya yote mawili.

Kisha Mama Faruku aliziweka mezani barua mbili, ile ya tarehe mbili Oktoba iliyompendekeza mtoto na hii ya tarehe kumi na nne iliyomkataa. Alizipima kwa macho kama alivyokuwa akipima saini za vitabu vya akiba. Mwandiko uliosimama wima. Herufi "g" yenye mkia uliofungwa kama kitanzi. Nafasi ileile pembeni. Mkono ulikuwa mmoja, hakukuwa na ubishi. Moyo ulimshuka.

Ni mazoea tu yaliyomfanya afungue pia mafaili ya zamani. Namba kumi na tano, mtoto wa Makote wa miaka sita iliyopita: barua ya Mwalimu Silvesta iliandikwa kwa herufi kubwa zilizolalia kushoto. Namba ishirini na moja, vivyo hivyo. Lakini namba arobaini na tano, ya mwaka juzi, ilikuwa na ule mwandiko wa wima.

"Mwandiko umebadilika," alisema Trevor, akichungulia begani.

"Watu hubadilika wakizeeka," alisema Mama Faruku. "Tusimhukumu mtu bado. Kesho nakwenda Makote."

*

Alhamisi alipanda gari la saa kumi na mbili asubuhi, akabadilisha Newala mjini, na saa nne kasoro dakika kumi alikuwa shuleni Makote. Mvua ilikuwa imenyesha na mikorosho ilikuwa inadondosha matone juu ya bati la ofisi.

Mwalimu Yunusi, aliyekuwa akikaimu nafasi ya mwalimu mkuu, alimpokea kwa heshima. Alikuwa mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Shikamoo, Mama Faruku."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa habari ya muhuri."

"Huu hapa." Alifungua mtoto wa meza. "Lakini umenifikia juzi tu, Jumatatu, tarehe sita."

"Kabla ya hapo?"

"Ulikuwa nyumbani kwa marehemu. Mwalimu hakuwa akiuacha ofisini, mlango huu hauna kufuli la maana. Baada ya msiba nikaona aibu kuwadai. Mama Wema mwenyewe ndiye aliyeurudisha."

"Alhamisi iliyopita ulikuja ofisini kwetu."

"Kuleta cheti cha huyu binti, ndiyo. Kijana wenu alitoka nacho, nikabaki nimekaa. Kwani kumepotea kitu?"

"Hakijapotea. Kimeongezeka." Mama Faruku alimwonyesha nakala ya barua. Mwalimu Yunusi aliisoma, na uso wake ukabadilika taratibu.

"Hapana," alisema. "Bahasha ile ya maswali niliifungua mimi mbele ya watoto. Ilikuwa na lakiri."

"Lakiri hufunguliwa ikabandikwa. Nimeona mengi posta. Mwalimu, wanasema msibani ulisema nafasi ile ilimfaa Wema."

Hakukwepa. "Nilisema. Nilisema mzee amewatafutia wenzake nafasi miaka tisa, na mjukuu wake anabaki. Nilisema kwa uchungu, watu wengi walisikia. Lakini kusema ni kusema. Mwanafunzi yule nimemfundisha hisabati mimi mwenyewe, hana haja ya kupewa majibu. Mpe chaki sasa hivi umwone."

"Marehemu alikuwa mtu wa kuficha jambo?"

"Mwalimu? Angekuja kukuambia kwa mdomo, kwa miguu, hadi Masasi. Ila siku za mwisho asingefika, macho yalikuwa yamemwacha tangu mwaka juzi. Hata gazeti tulimsomea."

Mama Faruku aliinua uso. "Na barua zake?"

"Barua alikuwa akishughulikia nyumbani. Zilikuja zimekwisha andikwa." Mwalimu Yunusi alisita. Yeye pia alikuwa amesikia alichokisema. "Sikuwahi kuuliza nani anamwandikia."

Nyumba ya bibi yake Mwanasha ilikuwa nyuma ya shule. Bibi alikuwa akichambua kunde barazani, na msichana mrefu mwenye khanga mpya alikuwa akipiga pasi sketi ya shule kwa pasi ya mkaa. Kando yake palikuwa na sanduku la bati, wazi, na ndani yake sahani, kikombe na sabuni vimepangwa kama dukani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu, karibu mkeka. Wewe ndiye mama wa Mfuko."

"Ni mimi. Na huyu ndiye Mwanasha mwenyewe?"

Pasi ilisimama. Bibi aliacha kunde, akamtazama mgeni wake kwa namna ya mtu anayemsamehe mgeni kwa kutojua.

"Hilo jina tumeshalitupa, mwanangu. Anaitwa Shakila."

"Nisamehe. Nimelizoea la kwenye faili."

"La kwenye karatasi libaki kwenye karatasi. Kwa mdomo halitajwi. Mama mmoja wa hapa alimwita hivyo siku ya pili tu baada ya kutoka unyagoni, tukamtoza kuku." Bibi alicheka kidogo. "Kuku mzuri, tena. Tulimla."

Msichana naye aliinamisha kichwa akacheka.

Mama Faruku alitaka kucheka nao, lakini wazo moja lilimzuia. Yeye mwenyewe aliliacha jina lake la utoto unyagoni, miaka arobaini iliyopita, na hakuna aliye hai anayemwita kwalo. Vipi hakuliona hili tangu Jumanne?

"Bibi," alisema polepole, "unyago wa huyu ulikuwa lini?"

"Likizo hii. Serikali haitaki tena watoto watoke darasani kwa ajili ya ngoma, basi tukangoja likizo. Wali, hawa wasichana wa unyago, walitoka Jumamosi ile baada ya Krismasi."

"Tarehe ishirini na nane Desemba."

"Utajua wewe mwenye kalenda."

"Na jina la Shakila, mlikuwa mmeliteua mapema? Labda lilikuwa linasemwasemwa hapa nyumbani?"

"Hata. Jina analileta somo wake, yule kungwi aliyemfunda, na somo wake anatoka Tandahimba. Alilitaja asubuhi ileile ya kutoka, mbele ya watu wote. Hata mimi nililisikia hapo. Kwani vipi?"

Mama Faruku alitoa kijitabu chake akaandika tarehe, akaipigia mstari chini. "Aliyetozwa kuku ni nani?"

"Mama Wema, binti wa Mwalimu. Ni jirani, hakukusudia. Wakristo wa hapa wanacheza ngoma na sisi, lakini majina ya watoto wao hawabadili, hivyo ulimi wakati mwingine huteleza."

Msichana alikuwa ameiweka pasi pembeni. "Mama," aliuliza kwa sauti ndogo, "Jumatatu bado ipo?"

Mama Faruku hakupenda kuahidi asichokuwa nacho mkononi. "Endelea kupiga pasi," alisema.

*

Ijumaa, tarehe kumi, saa nne na nusu asubuhi, watu watano walikaa kwenye chumba cha nyuma cha Mzee Cuthbert. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, na mbele yake fomu ya shule yenye nafasi moja ya jina. Trevor alikuwa mlangoni. Mwalimu Yunusi na Upendo Nandonde walikuwa wamepigiwa simu jana yake. Upendo aliambiwa alete vyeti vya Wema, kwa kuwa ndiye anayefuata kwenye orodha, na hilo lilikuwa kweli. Alivishika mapajani ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tano, bado na kitambaa cheusi cha msiba kichwani.

"Mama Wema," alianza Mama Faruku, "pole tena kwa baba. Nina maswali machache kuhusu barua zake, kisha Mzee ataandika jina."

"Uliza tu, mama."

"Macho yalimsumbua tangu lini?"

"Mwaka juzi. Mwezi wa tano."

"Nani alikuwa akimwandikia barua baada ya hapo?"

Upendo alimtazama Mwalimu Yunusi, kisha Mzee. "Mimi. Yeye alisema, mimi niliandika. Haikuwa siri, ila hakupenda wakubwa wajue kwamba haoni. Aliogopa kustaafishwa kabla ya wakati."

Mzee Cuthbert aliinua lenzi yake akaiweka chini tena. "Kumbe huu mwandiko ni wako?"

"Ni wangu, mzee. Maneno ni ya baba."

"Hata hii?" Mama Faruku alimpa ile barua.

Upendo aliitazama kwa muda mfupi kuliko unaotosha kuisoma. "Hata hii."

"Ilifikaje hapa bila bahasha?"

Upendo alikunja mdomo wa mfuko wa plastiki. "Niliileta mwenyewe," alisema mwishowe. "Ijumaa iliyopita. Baba aliniambia niilete, nikaona aibu, nikakaa nayo tangu Oktoba. Baadaye nikaona nisibaki na mzigo wa marehemu. Kijana alipotoka nikaiweka kwenye faili. Sikutaka kuonekana nimemsema baba yangu."

Yalikuwa majibu mazuri. Mzee aliitikia kwa kichwa, na mkono wake ukasogea kwenye kalamu. Mwalimu Yunusi alimtazama Mama Faruku kama mtu anayeona gari likirudi nyuma kwenye mteremko.

Mama Faruku hakuinua sauti. "Kwa hiyo baba alisema, wewe ukaandika, tarehe kumi na nne Oktoba."

"Ndiyo."

"Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno."

"Hukuongeza lako?"

"Hata moja. Baba hakuruhusu. Nikikosea alinirudisha mwanzo."

"Naomba utusomee kuanzia mstari wa nne."

Upendo alisoma. Sauti yake ilikuwa sawa mwanzoni. "'Siku moja kabla ya mtihani wako nilifungua bahasha ya maswali nikamfundisha majibu. Shakila ni yatima, huruma...'"

Aliacha hapo. Macho yake yalibaki kwenye karatasi.

"Endelea."

Upendo aliishusha karatasi.

"Mzee," alisema Mama Faruku, akimgeukia, "msichana huyu tarehe kumi na nne Oktoba alikuwa na jina moja tu, Mwanasha. La Shakila alipewa alipotoka unyagoni, Jumamosi, tarehe ishirini na nane Desemba. Lililetwa asubuhi hiyo na somo wake kutoka Tandahimba, hata bibi yake alikuwa halijui. Mwalimu Silvesta alikuwa kaburini wiki tano. Marehemu hakuweza kulisema jina hilo, kwa sababu lilikuwa halijazaliwa."

Mzee alisogea mbele. "Hata sisi huku Masasi majina hubadilishwa," alisema taratibu, kama anayejilaumu. "Nililisoma mara mbili."

"Sote tulilisoma, mzee. Masikio yetu yamezoea."

"Lakini kwa nini aliandike?" aliuliza Trevor. "Si angeandika Mwanasha mwanzo hadi mwisho?"

Aliyejibu ni Upendo mwenyewe. Alizungumza na mfuko wa plastiki mapajani pake.

"Juu nililinakili kutoka kwenye orodha ya darasa. Chini nilikuwa natunga. Nilishatozwa kuku kwa jina lile. Walinizunguka wanawake kumi na watano wakinizomea kwa vicheko, mimi na msiba wangu. Tangu hapo mdomo wangu ukaliogopa. Sikujua kwamba na mkono uliliogopa." Alivuta pumzi. "Niliandika tarehe moja Januari. Muhuri ulikuwa kabatini kwetu."

Nje mtu alikuwa akipakua mabati, na kila bati lililia lilipogusa jingine.

"Mwanao ana alama themanini na tisa," alisema Mzee Cuthbert. "Ungekuja ukaniambia."

"Baba alikuja? Miaka tisa baba alikuletea watoto wa watu. Nilimwambia, mtaje Wema, yeye ni mjukuu lakini pia ni mwanafunzi, mama yake hana mume wala ajira. Akasema: nikimtaja wangu, barua zangu zote za nyuma zitanuka. Akafa na usafi wake. Sisi akatuachia nini?" Sasa alikuwa anamtazama. "Na wewe, mzee, unatoa nafasi moja kwa shule nzima. Makote watoto wanafaulu wanane, tisa. Hujui tunavyotazamana mwezi wa kumi na mbili ukifika. Jirani ananiletea kunde, mimi nahesabu alama za mjukuu wake."

"Kwa hiyo ukamwandikia baba yako wizi wa mtihani," alisema Mwalimu Yunusi. Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana, pengine, lilimfikia.

Upendo alifunika uso kwa ncha ya kitambaa cha msiba akalia, kilio cha chini, cha mtu aliyekuwa akikizuia tangu siku ya tatu ya mwaka.

Mzee alimwambia Trevor alete karatasi safi.

"Polisi sitakwenda," alisema. "Lakini faili hili haliwezi kubaki na barua ile peke yake, maana siku moja atakuja mtu asiyemjua Silvesta ataisoma. Andika nyingine. Kwa jina lako mwenyewe, tarehe ya leo. Sema nani aliandika na nani hakuandika. Kisha kesho ukamwambie bibi wa yule binti kwa mdomo wako, Mama Faruku akiwepo."

"Na Wema?" aliuliza Upendo.

"Wema hana kosa. Shule ya kata imempokea, Jumatatu aende, na miaka minne ijayo aombe nafasi ya kidato cha tano kama mtoto mwingine yeyote. Mwalimu Yunusi ataandika barua yake, si wewe." Mzee alisugua macho. "Hilo la nafasi moja nimelisikia. Sina jibu lake leo. Nilipoanza nilikuwa na watoto sita kichwani, sikuwafikiria wanaobaki wakitazamana. Mwezi wa tatu nitapanda mwenyewe Newala, nikae na wazazi wa shule zote sita, waniambie wao tuchague vipi, au kama kinachotakiwa ni bweni moja la wote. Mimi nitakuwa msikilizaji."

Upendo aliandika kwa nusu saa. Alikosea mara moja, akaomba karatasi nyingine, akaanza mwanzo. Mwandiko ulikuwa uleule, wima, na "g" zenye vitanzi. Saa sita kasoro dakika ishirini Mzee Cuthbert alijaza jina kwenye fomu, Trevor akaondoka nayo akikimbia ingawa hakuna aliyemwambia akimbie.

Mama Faruku alibaki ameketi. Aliibania barua mpya nyuma ya ile ya uongo, akalifunga faili.

*

Jumamosi saa tano asubuhi, barazani Makote, Upendo alisema alichotakiwa kusema. Hakukipunguza. Bibi alimsikiliza hadi mwisho.

"Ulitaka kumtoa huyu," alisema bibi.

"Ndiyo, mama."

"Kunde zangu unakula."

"Nakula, mama."

"Sitakuletea tena mpaka moyo wangu uniambie. Usinihimize." Alisogeza ungo kando. "Lakini Wema aje. Wametoka unyago mmoja, hawezi kukaa nyumbani mwenzake anasafiri bila kuagana naye."

Upendo aliitikia, akainuka, akaenda zake bila kugeuka nyuma. Baada ya kitambo Wema alikuja akikimbia kwenye matope, na wale wasichana wawili wakaingia ndani, wakaanza kukitoa kila kitu sandukuni ili wakipange upya.

Hapo ndipo bibi alipojiachia. Aliegemea ukuta, akanyoosha miguu mkekani, akapumua kwa sauti kama aliyetua ndoo baada ya mlima.

"Kwa hiyo anakwenda," alisema.

"Anakwenda. Fomu ina jina lake, na mkuu wa shule ameshasaini."

"Kitanda kipo?"

"Kipo. Cha chini, nilimwombea."

Bibi alifikiri. Lilikuwa limebaki jambo moja, na alionekana kulishikilia tangu siku aliposikia neno bweni.

"Na maji? Wanachota mbali?"

"Bomba liko palepale bwenini, bibi. Unafungua, yanatoka."

"Palepale?"

"Hatua kumi kutoka kitandani."

Bibi alimtazama kuhakikisha kwamba hataniwi. Kisha akacheka, akaita kuelekea ndani, "Shakila, ile ndoo itoe kwenye mizigo, uniachie mimi."